Ng'ombe anachoka, pampu haichoki

Kila nikirudi kutoka Oman watu wa mtaani wananiuliza mambo mawili tu, nimeleta tende gani, na je mabarabara ya kule kweli ndio yale tunayoyaona kwenye simu. Maji hakuna anaeuliza. Nchi ile kwa wastani inapata mvua kama milimita 100 kwa mwaka mzima, yaani mvua ambayo Pemba masika yakikolea inashuka siku mbili tatu na watu wakaenda harusini kama kawaida. Unguja tunapata kama 1,600, Pemba zaidi ya hapo. Na bado ikifika Januari, Februari, huku kwetu pwani ya mashariki ya Unguja tunapanga madumu. Sasa ukikaa ukafikiri unaona kuna kitu hakiendi sawa, na mie nnavyoona kosa si la mvua.

Ami yangu anakaa Birkat al-Mouz, chini ya Jebel Akhdar, ukitoka Nizwa sio mbali. Ni mtu wa Wete kwa kuzaliwa, kaondoka kijana, Kiswahili chake bado kile cha zamani kabisa, ukimwamkia shikamoo ami anakuitikia marahaba mwanangu, u hali gani, mpaka unasahau kama uko Uarabuni. Ana kipande cha shamba pale, sio kikubwa. Juu mitende, chini yake ndimu na migomba, chini ya migomba vitunguu thomu na majani ya mbuzi. Mzanzibari ukiingia mle huoni ugeni, ni vilevile tunavyofanya sie, mnazi juu, mgomba katikati, majimbi chini, mkubwa anampa mdogo kivuli jua lisimkaushe. Tofauti ni kuwa sie tunafanya kwa sababu tumewakuta wazee wanafanya, na tukiacha tutakula tu, wao wakiacha hawavuni kitu.

Maji yanakuja kwa falaji. Kwa asiejua, falaji ni mfereji, lakini usifikirie mfereji wa kutoa maji mtoni, maana mto wenyewe haupo. Wazee wale walichimba kisima miguuni mwa mlima mpaka wakakuta maji, halafu kutoka pale wakachimba njia chini ya ardhi yenye mteremko mdogo mno, mdogo kuliko mteremko wa ardhi ya juu, kwa hiyo maji yanatembea kwa chini polepole, pengine kilomita kadhaa, mpaka yanatokeza yenyewe kijijini. Hamna pampu, hamna umeme, hamna mafuta. Huko juu unaona matundu yamejipanga mstari, ya kuingiza hewa na ya kuteremkia watu wanaokwenda kusafisha. Aina hii wanaiita daudi, ziko na nyengine zinazochukua maji ya bonde au ya chemchem moja kwa moja. Nchi nzima zinazofanya kazi mpaka leo ni kama 3,000, na mwaka 2006 UNESCO wakaziingiza tano kwenye urithi wa dunia, mojawapo ni hiyohiyo ya Birkat al-Mouz, Falaj al-Khatmeen. Nikamwambia ami wewe migomba yako inakunywa urithi wa dunia. Akacheka, akasema urithi wa dunia wenyewe unaziba kila mara na wa kuuzibua ndio sie.

Uchimbaji ule una sifa yake lakini mie kilichonikaa kichwani ni hesabu ya zamu. Maji yakitokeza tu juu, mahala pa mwanzo ni pa kuteka ya kunywa, pale hamna zamu wala bei, mgeni, mpita njia, mwenye shamba na asiekuwa nalo, wote wanateka. Halafu msikiti. Halafu pa kukogea, wanaume kwao wanawake kwao. Baada ya hapo ndio yanaingia mashambani na hapo sasa kila dakika ina mwenyewe. Fungu moja wanaliita athar, ni kama nusu saa ya maji, na mtu anaweza kulirithi, kuliuza, kulikodisha au kuliweka wakfu, na yako mafungu ambayo ni ya falaji yenyewe, yananadiwa na pesa yake inakwenda kwenye matengenezo. Kuna wakili anasimamia yote na daftari lake. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa uwanjani na usiku kwa nyota, skuhizi ni saa ya mkononi au simu.

Usiku mmoja zamu ya ami ilikuwa saa nane na nusu nikamfuata. Mdomo wa shamba lake umezibwa kwa jiwe bapa, pembeni kumeshindiliwa matambara ya kanzu kuukuu na udongo yasivuje. Jirani anaemaliza alikuwa keshafika, kakaa ukingoni, simu mkononi anaangalia dakika. Hawakusemezana zaidi ya salamu na habari za watoto. Ulipofika wakati jirani akaziba kwake, ami akachomoa tambara, akalisukuma lile jiwe kwa mguu, maji yakageuka. Wala hayakuwa mengi, hayakunifika kifundo cha mguu. Akawa anayaongoza kwa jembe shina hadi shina, kila mtende una beseni lake la udongo, likijaa anafunga, anafungua jengine, na huku anahesabu kwa sauti ya chini kama anavuta tasbihi. Nikamuuliza, ami, na mtu akizidisha dakika tano giza hili nani atajua? Akasema "mwanangu, anaemfuata atajua, si ndio zimempungua yeye."

Na kuna kitu chengine nilikuwa sikijui kabisa. Mashamba ya falaji yako sehemu mbili, sehemu ya mitende ambayo lazima inywe mwaka uwe mwema uwe mbaya, na sehemu ya mazao ya msimu, ngano, vitunguu, majani, hii mara nyingi iko chini mwisho. Falaji ikipungua maji kwa ukame wanapunguza ile ya msimu, mwaka mwengine hailimwi kabisa inabaki vumbi, na mvua zikirudi milimani wanaitanua tena. Hakuna anaekwenda kuchimba zaidi ili afidie, hawezi, mlima unatoa unachotoa. Kilimo kinajipima kwa maji. Huku kwetu mtu anapima ekari kwanza, ananunua mbegu, anachukua mkopo, maji atayatafuta mbele ya safari.

Sitaki mtu afikirie nnaipamba. Mafungu yanarithiwa, kwa hiyo kuna mtu ana usiku mzima na kuna mwenzake ana dakika, na mwengine hana kitu anakodi. Vijana wengi wa kule jembe hawalitaki, wanaomwagilia ni watu wa Bangladesh na India, hata ami akiumwa mgongo ndio wanaomshikia zamu. Falaji nyingi zimekauka kabisa. Na liko jambo sie watu wa visiwani tukiisifu Oman huwa tunalirukia, mitende ya Batinah iliyokuwa inapeleka tende mpaka Marekani katika karne ya 19 ilinyweshwa kwa jasho la watu waliochukuliwa huku Afrika Mashariki kwa nguvu, watumwa. Nimeona niliseme, kisha niendelee.

Maana Batinah ndiko nnakotaka kukupelekeni hasa. Huo ni uwanda wa pwani, unaanzia upande wa Muscat unakwenda kaskazini magharibi mpaka unagusa Imarati. Tambarare, udongo mzuri, maji hayako mbali chini, bustani kubwa kabisa ya Oman ilikuwa ile. Kule sehemu kubwa walitegemea visima, na kisima walikivuta kwa zajara, ambayo ni ng'ombe, kamba, gurudumu la mbao juu ya kisima na kiriba cha ngozi. Ng'ombe anateremka kwenye njia ya mteremko anavuta, kiriba kinapanda kinamwaga, anarudi nyuma, anateremka tena, kutwa. Jioni ng'ombe hoi, anafunguliwa, analala. Na kisima nacho usiku kucha kinajirudisha.

Kuanzia miaka ya 1970 zikaingia pampu za dizeli, baadae za umeme. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, yakhe. Pampu hailali. Mtu aliekuwa na mitende michache akaongeza majani ya ng'ombe, na majani yale yanakunywa maji balaa, jirani akaona, akaongeza na yeye, na mtu wa mjini aliepata pesa akanunua shamba akachimba chake kirefu zaidi. Hamna wakili, hamna daftari, hamna wa kukaa ukingoni na simu kumwambia mwenzake zamu yako imekwisha. Na bahari ikaanza kuingia kwa chini.

Shemeji yake ami ana shamba kule, karibu na Barka, alinipeleka. Ukanda wa karibu na bahari una mashamba yameachwa, ukuta upo, nyumba ya pampu ipo, mitende imesimama vichwa vimekatika. Udongo juu una utando mweupe, ukiukanyaga unavunjika mwepesi. Akaniambia zilianza kufa ndimu na migomba, baadae maembe, mtende ndio wa mwisho kwa sababu ule unavumilia chumvi sana, na ukiona mtende umeanza kutoa tende ndogo ndogo kavu jua khalasi. Akanifungulia mpira akasema onja. Nikaonja nikatema. Yale maji bado kuna mtu anamwagilia majani nayo.

Ngoja niseme kidogo vipi bahari inaingia, maana wengi tunafikiri inaingia kwa juu, kwa mawimbi. Maji matamu ya chini ya ardhi sehemu za pwani yamekaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini kwa chini, kama samli iliyoelea juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi kidogo tu kuliko ya chumvi. Wataalamu wana hesabu yake, kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu. Ukivuta mpaka ile ya juu ikashuka mita 1, chumvi taratibu inataka kupanda mita 40. Mtu anachungulia kisima anaona maji yameshuka urefu wa mtoto mdogo, anasema kidogo tu hiki, kumbe chini mambo mengine. Na kuirudisha chumvi chini ni kazi ya miaka mingi sana, hata ukizima pampu zote leo.

Serikali yao ililiona. Mwaka 1988 Sultani alitoa amri kwamba maji yote ya nchi ni mali ya taifa, kuchimba kisima kukataka kibali, wakajenga mabwawa ya kuzuia mafuriko ili maji yazame ardhini badala ya kukimbilia baharini, kama lile la Al Khoud karibu na Muscat la 1985, na maji ya kunywa ya mijini sehemu kubwa wakahamia kusafisha ya bahari. Hiyo ya mwisho inataka pesa na nishati ambayo sie hatuna, tusijidanganye. Lakini kwa yote hayo kilimo bado kinachukua zaidi ya asilimia 80 ya maji yao, na Batinah haijapona.

Haya, turudi nyumbani. Hiyo hesabu ya mita 1 kwa 40 haikuandikwa kwa ajili ya Waarabu. Sie tumekaa kisiwani, bahari pande zote, na pwani hii ya mashariki kuanzia Nungwi kuteremka mpaka Makunduchi tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, maweni, jiwe limejaa matundu, mvua ikinyesha inazama hapohapo huioni tena, na bahari nayo inapita kwenye matundu hayohayo. Kisima cha bibi yangu kilichimbwa kwa mkono, watu wanavuta kwa ndoo na kamba, na nakumbuka wanawake walikuwa wanachoka wao kabla ya kisima. Hatukuwa na elimu yoyote ya kuhifadhi maji, tulikuwa na mikono tu.

Skuhizi kila nyumba yenye uwezo ina pampu na tangi juu ya paa, nyumba za wageni zina zao, bwawa la kuogelea, bustani ya majani ya mapambo inayomwagiwa saa sita mchana jua kali, hiyo nimeona kwa macho yangu. Utafiti uliotoka 2012 uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani ulikuta chumba kimoja cha wageni kwa wastani kinatumia maji mara 16 ya nyumba nzima ya mwenyeji. Nyumba nzima, na watoto wake na kuku wake. Lakini tusiwasukumie wageni kila kitu, na wakulima tumo. Pampu za sola zimekuwa rahisi, na sola ina ubaya mmoja hausemwi, mafuta hununui, kwa hiyo hakuna kitu kinachokuuma ukaizima. Dizeli angalau ilikuwa inauma mfukoni.

Bustani ya mama yangu iko nyuma ya nyumba, tungule, bamia, mchicha, pilipili. Dalili ya mwanzo ilikuwa kwenye maharage, majani yanaungua kwa pembeni tu, ukingo wa kahawia, katikati kijani. Tukafikiri ugonjwa, tukapiga dawa, bure. Mwezi wa Februari ndio inazidi, masika yakinyesha inapoa. Chai ndio iliyotwambia ukweli kuwa kisima chetu kimeingia chumvi, sukari unatia na ladha haikai. Kisima hicho kiko jirani na nyumba moja ya wageni iliyochimba chake kirefu, siitaji, na mwenyewe ukimwambia anasema ana kibali. Kibali anacho kweli. Kibali kimeandikwa kuchimba, hakikuandikwa saa ngapi kwa siku.

Pemba nako kuna hadithi yake, mabonde ya mpunga ya upande wa Micheweni bahari imepanda juu kwa juu ikaingia kondeni, watu wameacha mabonde waliyolima wazee wao, na mikoko iliyokatwa haikusaidia. Hiyo ni makala nyengine. Na mabonde ya Unguja kama Cheju na Kibokwa yana miradi ya umwagiliaji, mie si mtu wa mpunga, wenye mpunga waandike.

Kwetu tunachofanya sasa ni vitu vidogo. Makumbi ya nazi na makuti yaliyooza tunatandika chini ya tungule unene wa kiganja, udongo unabaki na unyevu siku nzima, zamani makumbi tulikuwa tunachoma moto. Kumwagilia ni alfajiri au baada ya alasiri, mchana hapana. Tungule tumezipeleka msimu wa vuli, kiangazi tunabaki na bamia na mchicha ambazo chumvi kidogo haiziui, yaani tumejifunza kuachia kipande kikae kitupu, na hilo mama lilimuuma, kuona ardhi yake imekaa bure. Mipira ya matone tumefunga mistari michache, inaziba kwa chokaa ya maji ya huku, lazima uizibue kila mara.

Na paa. Jamani paa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, hesabu ya darasa la tano hiyo. Bati la nyumba ya kawaida, tuseme mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 1,600 ni lita 96,000 kwa mwaka. Toa robo nzima ya kumwagika na kuvukiza bado una zaidi ya 70,000, maji matamu kabisa, yamekuja yenyewe mpaka juu ya kitanda chako, na sie tunayaacha yateremke njiani yachimbe mashimo halafu tunalalamika barabara mbovu. Kinachosumbua ni tangi, tangi kubwa ni ghali, najua, na la saruji linataka fundi anaejua. Lakini misikiti yetu ya zamani ilikuwa na mabirika makubwa ya kutawadhia, watu walikuwa wanaweka maji kwa wingi bila kusubiri mradi.

Ila hayo yote yatakuwa kazi bure kama pampu za kijiji kizima zitaendelea kuvuta usiku na mchana. Hapo ndipo nnaporudi kwa ami. Nilimtumia sauti WhatsApp nikamweleza yote, chai, maharage, nyumba ya wageni, nikamuuliza angekuwa yeye angefanyaje. Nikategemea ataniambia habari za mitambo. Akanijibu kwa swali, "daftari analo nani?"

Nikalipeleka swali kwenye mkutano wa shehia. Tukataka kila pampu, ya nyumba, ya shamba na ya wageni, iwe na saa zake, na usiku wa manane zote zizimwe kisima kipumzike, na iandikwe, na anaezidisha ajulikane. Sheha akaafiki, wazee wakaafiki, kijana mmoja akauliza kwani sie Oman, watu wakacheka. Yule mwenye nyumba ya wageni alituma mtu, akakaa nyuma, akaandika kila kitu, akaondoka bila kusema. Ikabaki kazi ya kumpata wa kulishika daftari. Mpaka leo waliojitolea ni wawili, na wote wawili ndio wenye pampu kubwa kuliko sie wote.